Dawa Niliyokataa Kuitema

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa kwa kifua na sisi tukatolewa kambini. Shida yangu naihesabu kuanzia hapo. Kabla ya siku hiyo nilikuwa mtoto kama watoto wengine wa mashamba ya mkonge, mchafu, mwenye njaa kidogo, sina habari na lolote.

Baba alikuja Tanga kutoka Kigoma, manamba, mtu wa mkataba. Alikata mkonge miaka mingi, halafu akahamishiwa kwenye brashi. Kwa wasiojua, brashi ni banda ambamo nyuzi za mkonge zilizokwisha kukauka hupitishwa kwenye mashine zisuguliwe ziwe laini. Vumbi lake si kama la barabarani. Ni jeupe na jepesi, linakaa hewani mchana kutwa, na mtu akitoka humo huwezi kujua umri wake. Baba alirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama mzee wa miaka tisini. Mama, Mbondei wa Muheza, alimsimamisha mlangoni akampangusa kwa kitambaa ndipo akamruhusu kuingia. Kitambaa kilipangusa uso. Kifua hakikupanguswa.

Mwisho kifua kikaanza kupiga filimbi. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu na kamba inamteleza. Hakuna aliyetuambia anaumwa nini. Alikufa mchana, amekaa vilevile, macho wazi, ananitazama mimi niliyekuwa nimeshika kikombe cha maji. Siku ile sikulia. Niliogopa, na woga ule sikuuacha kambini pamoja na vyombo. Nilikuja nao mjini.

Kambi ile ilikuwa na dresa, mtu wa dawa, na sina budi kumweleza vizuri, kwa sababu miaka hamsini na kitu baadaye nusura aniue. Kila wiki alitupanga watoto mstari akatugawia vidonge vya malaria, vichungu mno, bila maji. Ukishaweka mdomoni anakusimamia. Anasema fungua, anachungulia, anainua ulimi wako kwa kijiti aone kama umekificha. Aliyetema alipigwa kofi, akapewa kingine, na mama yake akaitwa aambiwe mbele za watu kwamba amezaa mtoto mjinga. Mimi nilitema mara moja tu. Tangu hapo, kitu kikiitwa dawa kikaingia kinywani mwangu, koo linafunga mlango nyuma yake. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma.

Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi alikuwa amekwisha. Mama alirudi Muheza na wadogo zangu. Mimi nikapelekwa Chumbageni, Tanga mjini, kwa Waarabu wenye duka na mashamba, niwe mtumishi wa ndani, na darasa la tatu likaishia hapo. Sikuteswa, wala sikupendwa. Lakini bibi wa nyumba ile, mkongwe asiyetoka nje, alikuwa na mito kumi na miwili kitandani na hakuamini mkono wa mtu mwingine kuijaza. Macho yalipomfifia akanifundisha mimi: kuchambua sufi mbegu moja moja, kuipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka iumuke, kujaza kwa vidole badala ya ngumi, na kufunga mdomo wa mto kwa mshono usioonekana. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye vidole hivyo. Sikurithi kitu. Sikuolewa na tajiri pia. Niliolewa na dereva wa lori, Mungu amrehemu, aliyeniachia binti mmoja na suruali tano.

Miaka arobaini sasa, bi harusi wa Tanga akitaka mito ya kitanda cha harusi, mama yake anakuja kwangu. Magodoro ya sponji yalipoingia mafundi wengi walifunga kazi. Mimi sikufunga. Watu walale kwenye sponji wakitaka, kichwa cha bi harusi kinataka sufi. Kiburi ninacho, sikifichi. Nilijenga nyumba mtaa wa Mabawa kabla ya wanaume kadhaa ninaowajua.

Mwaka niliotimiza miaka sitini na tatu, filimbi ya baba ikarudi.

Nilikuwa nimeinama nachambua sufi asubuhi moja, nikasikia mluzi mwembamba. Nikatulia nisikilize kama ni mlango au paka wa jirani. Nikazuia pumzi, mluzi ukakoma. Nikaachia, ukaanza. Sufi ikanidondoka mapajani. Nilikaa pale nikijaribu kupumua polepole ili sauti isitoke, kama mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Nilikohoa chumbani na mto usoni. Ngazi ya baraza langu ina vidato vitatu tu, nikaanza kusimama kwenye cha pili nikijifanya natazama mtaa. Binti yangu, anayekaa nami na ambaye hana aibu kama mimi, alinivumilia miezi kadhaa, halafu siku moja akaita bajaji, akaniweka ndani na khanga ya jikoni, akanipeleka kliniki ya kifua. Njia nzima nilimgombeza.

Pale nikapimwa, nikapuliza kwenye bomba, nikaambiwa ni pumu. Nilimuuliza daktari kama pumu ndiyo iliyomuua baba. Akasema hawezi kumpima marehemu, ila vumbi la miaka mingi halimwachi mtu salama, na mimi nimetoka kwenye vumbi la mkonge nikaingia kwenye vumbi la sufi.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenipa pampu. Mama wa makamo, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, msalaba mdogo shingoni na sauti isiyopanda. Alinisalimu, "Shikamoo bibi."

Nikamwambia, "Marahaba. Bibi wa nani? Sina mjukuu."

"Shikamoo mama," akasema, bila kutabasamu, na tukaanza upya.

Pampu zilikuwa mbili, ya buluu na ya kahawia. Alisema ya buluu ni ya kukuokoa ukibanwa. Ya kahawia ni ya kila siku, ubanwe usibanwe, mivuto miwili asubuhi, miwili jioni, na hicho ndicho kipimo changu mimi, nisije nikamgawia shoga yangu. Ndani yake mna dawa ya kupunguza uvimbe katika njia za hewa. Haitanipa nafuu leo wala kesho, alisema, itanipa nafuu ya wiki zijazo, kwa hiyo nisiidharau kwa sababu nimevuta na sikuona kitu. Mwisho akasema kila nikimaliza kuvuta nisukutue kwa maji kisha niteme.

Nilisema ndiyo kwa yote. Huwa nasema ndiyo mbele ya watu wenye sare.

Nyumbani nilifanya ninavyojua. Niliswali kwanza, maana sikutaka kusimama mbele ya Mungu na ladha ya dawa mdomoni. Nikishatoa salamu, navuta pampu ya kahawia mara mbili, nafunga mdomo, nameza mate, kisha nakaa palepale kwenye msala nikisoma uradi wangu kwa muda mrefu. Jioni vilevile baada ya magharibi. Kutema? Nilikumbuka neno la muuguzi, na kila nilipolikumbuka nilimwona dresa na kijiti chake. Nikajiambia hawa wa siku hizi wamezoea kupoteza vitu.

Na dawa ikafanya kazi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu wapo watakaosoma wakashika ninayosema baadaye wakaacha yao. Ilipofika wiki ya tatu filimbi ikapungua, na baada ya mwezi ikanyamaza. Nikapanda vidato vitatu bila kutazama mtaa. Pampu ya buluu ikakaa kabatini.

Halafu sauti ikaharibika. Ilianza kukwaruza, ikashuka, ikawa nzito. Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye tumetaniana tangu mabinti zetu wanatambaa, akasimama uani kwangu akaniambia, "Wee, sauti hiyo nenda kaombe kazi ya kuadhini. Mama wa bi harusi atadhani mito inashonwa na mwanamume." Tukacheka. Kisha akaiona pampu dirishani akaacha kucheka. Akasema kitu kile ukikianza hukiachi mpaka kaburini, na kwamba anamjua mtu yaliyomkuta. Kila mtu hapa mjini anamjua mtu.

Wiki ile ile, asubuhi nikipiga mswaki, nikatoa ulimi mbele ya kioo.

Ulikuwa na sufi. Nasema nilivyoona. Mabaka meupe yamekaa juu ya ulimi na ndani ya mashavu, kama sufi yenye unyevu inavyoshika kidoleni. Nikachukua kitambaa nikasugua. Yalitoka kidogo, chini yake pakawa pekundu na damu ikaja. Kesho yake yamerudi. Nikafunga mlango wa chumba nikakaa kitandani, na nilipojitazama nimekaaje, nikakuta mikono iko juu ya magoti.

Woga haukuniambia mambo ya maana. Uliniambia vumbi la baba limenifikia, limejaa kifuani likakosa nafasi, sasa linatokea juu. Kisha ukaniambia jambo jingine, la mtaani. Kwetu mdomo mweupe una jina lake, na mjane akiupata, marehemu mumewe dereva wa lori, hakuna atakayeuliza mara mbili. Bi harusi gani atalaza kichwa kwenye mto wangu? Nikaacha kucheka mbele za watu. Nikawa naongea na kiganja mdomoni, nasema jino linauma. Binti alitaka kuchungulia nikamfukuza.

Kitu kigeni kilikuwa kimoja tu katika mdomo wangu, ile pampu ya kahawia. Basi nikaiacha. Sikumuuliza muuguzi wala daktari. Niliifunga kwenye kipande cha foronya nikaitupa nyuma ya cherehani.

Kifua hakikusema kitu. Siku ya kwanza, wiki ya kwanza, ya pili, kimya. Mdomo ukaanza kuwa na nafuu, sauti ikarudi kidogo. Nikajiona mjanja. Nikasema watu wa hospitali wanataka tu uwarudie. Sikujua kwamba nilikuwa nakula akiba ya dawa niliyokwisha kuivuta, na akiba haipigi kelele inapokaribia kwisha.

Shaaban ikaingia. Kwetu huo ndio mwezi wa harusi, kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani, na mito ninayoagizwa mwezi huo inazidi ya miezi mingine minne. Sufi ikaja magunia kutoka Muheza, kavu, safi. Filimbi ikarudi nayo. Nikaitoa ya buluu kabatini. Mara moja kwa siku, ikawa mbili, ikawa kila nikipiga fimbo mara kadhaa natua, navuta, naendelea. Inakupa nafuu papo hapo, ndiyo maana inadanganya. Nilidhani nimepata dawa ya kweli na ile nyingine ilikuwa mapambo.

Ilikuwa alasiri, jua kali, nimekaa chumba cha kazi na madirisha nimefunga, kwa sababu upepo ukiingia sufi inaruka yote. Nilikuwa kwenye mto wa tano. Kifua kikabana kama mtu amekizungushia kamba ya gunia akaivuta. Nikachukua ya buluu nikavuta. Nikavuta tena. Nikaitikisa, nikavuta mara nne, tano. Haikugusa. Nikataka kumwita binti, jina lake lina silabi tatu, nikapata pumzi ya silabi moja.

Nataka niseme ilivyo, maana wasiowahi kubanwa wanadhani ni kukosa hewa. Hewa ipo, imejaa chumba kizima, na ndani yako pia imejaa, haitoki. Unavuta juu ya iliyokwama. Mabega yanapanda yenyewe. Shingo inauma. Na sauti ile inakutoka, halafu inapungua, na inapopungua ndipo mambo yanapokuwa mabaya zaidi, kwa sababu hakuna tena hewa ya kupigia filimbi. Sufi ilikuwa inaelea kila mahali, inang'aa kwenye jua la tundu la dirisha, inashuka polepole juu ya mikono yangu na nyusi zangu. Nilimwona baba. Sisemi mzuka. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimekaa kama yeye, mweupe kama yeye, na mlangoni alikuwa amesimama binti yangu, na mkononi, wallahi, alikuwa na kikombe cha maji.

Nilimtazama nikafikiri, mtoto wa watu, nitakuachia sura hii.

Yeye hakusimama kama nilivyosimama mimi. Alitupa kikombe, akampigia kelele shoga yangu, wakanishika huku na huku, bajaji, hospitali. Dereva wa bajaji aliendesha juu ya barabara ya waenda kwa miguu na hakuna aliyemtukana. Shoga yangu alinishika kichwa njia nzima akinisomea, na katikati ya kusoma akaniambia nikifa kabla ya mito ya mpwa wake kwisha hatanisamehe. Nilitaka kucheka nikashindwa, na kushindwa kule kulinitisha kuliko yote.

Waliniwekea barakoa ya mashine ya mvuke, wakaniwekea nyingine, wakanichoma sindano, wakaniwekea oksijeni. Saa zikapita. Kamba ikalegea, uzi mmoja mmoja. Nilipoweza kusema sentensi nzima, sentensi yenyewe ilikuwa ya kumwuliza binti kama amefunga mlango wa chumba cha kazi.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa Lushoto akaja kitandani. Sijui nani alimwita. Alinisalimu, akaketi, akaomba pampu zangu. Binti alikuwa amemletea zote mbili, na ya kahawia bado imo katika foronya. Muuguzi alikifungua kitambaa polepole kama anayefungua zawadi asiyoitaka. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Akaniambia nifungue mdomo. Mabaka yalikuwa yamepungua, hayajaisha. Akasema ni fangasi ya mdomo, si vumbi, si saratani, si lile nililokuwa naliogopa kulitaja, ingawa kwa utulivu wangu anaweza kunipima hilo pia. Nikapimwa. Sinalo. Akasema fangasi hiyo huota pale dawa ya kahawia inapoachwa imekaa mdomoni, na sauti huharibika kwa sababu hiyo hiyo, na inatibiwa kwa dawa ya kudondosha siku chache. Nilikuwa nimekaribia kufa kwa kukimbia kitu cha kudondosha siku chache.

Akanipa pampu. "Nionyeshe unavyovuta."

Nikamwonyesha. Nilibonyeza, ndipo nikavuta, na moshi mwembamba nusu yake ukatoka puani. Akatikisa kichwa. Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyokuwa chini ya kitanda, akatoboa tundu kitakoni linaloienea pampu sawasawa, akazungushia plasta. Akanifundisha: tikisa pampu, toa pumzi yote, weka mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, vuta polepole kama unayekunywa uji wa moto, zuia, hesabu mpaka kumi. Pumzika kidogo, ndipo wa pili. Akasema chupa inaikamata ile dawa nzito ambayo ingegonga ulimi, nyepesi ndiyo inayoshuka kifuani.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu nini?"

"Ukishavuta."

"Nafunga mdomo."

"Husukutui ukatema?"

"Nimevuta dawa, niiteme?"

Ikanilazimu kueleza. Nilimsimulia dresa, mstari, kijiti, kofi. Sikuwa nimemsimulia mtu hayo, hata marehemu mume wangu. Nilitegemea acheke. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dresa wako alikuwa sahihi kwa kidonge. Kidonge kazi yake iko tumboni. Hii kazi yake iko kifuani, na imeshafika. Iliyobaki mdomoni imepotea njia, haina la kufanya ila kuharibu."

Nilielewa. Mimi si mjinga, nilikosa shule tu. Akaniletea kikombe cha maji na beseni. Nikavuta kwa chupa, nikatia maji mdomoni, nikasukutua, na nikameza. Koo lilifanya lenyewe. Akajaza tena. Nikameza tena. Binti akageuza uso ukutani. Mara ya tatu nilishika beseni kwa mikono yote miwili nikaliinamia, maji yamejaa mashavu, machozi yananitoka, na koo likafunga mlango wake na maji yakashuka. Mwanamke wa miaka yangu, niliyejenga nyumba, nashindwa na kofi la utotoni. Nikaogopa kweli. Niliona jinsi itakavyokuwa: nitavuta, nitameza, mdomo utaota, nitaiacha tena, na Shaaban ijayo binti atasimama mlangoni.

Muuguzi alikuwa akinitazama, anashika shika msalaba wake kama anayefikiri hesabu.

"Mama, ukitawadha, maji ya mdomoni unayapeleka wapi?"

Nikamkodolea macho.

"Nayatema."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Umewahi kumeza?"

"Tangu lini mtu akameza maji ya udhu?"

"Basi usivute baada ya swala," akasema. "Vuta kabla ya kutawadha."

Nikateremka kitandani, binti akanishika, nikaenda kwenye beseni la kunawia la wodini. Nilivuta mara mbili kwa ile chupa nikahesabu. Kisha nikatia nia, nikaosha viganja, nikateka maji nikasukutua. Nikatema. Yalitoka kama yalivyotoka siku zote tangu nikiwa mtoto, bila kuniuliza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikaendelea puani, usoni, mikononi, mpaka miguu, kwa sababu udhu haukatwi katikati, na nilipomaliza muuguzi alikuwa ameshakwenda kwa mgonjwa mwingine. Mlutheri wa Lushoto. Nilimpelekea mito miwili, akakataa, nikamwachia kwa mlinzi getini.

Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Mvuto wa alfajiri kabla ya udhu wa alfajiri, wa jioni kabla ya udhu wa magharibi. Ramadhani nilimuuliza shehe wa msikiti wetu na muuguzi pia, kila mmoja peke yake, na nikapanga: wa alfajiri nikimaliza daku kabla ya adhana, wa jioni baada ya kufuturu, kabla ya udhu wa isha. Sikuacha hata siku moja. Pampu ina mivuto mia mbili, mimi natumia minne kwa siku, na ukibonyeza iliyokwisha bado inatoa hewa ikakudanganya. Kwa hiyo nina kitambaa, kila siku natia mshono mmoja wa uzi mwekundu. Ikifika mishono arobaini na mitano binti anakwenda kuchukua nyingine. Ikifika hamsini naitupa hata kama inasema.

Muuguzi aliniambia pia niache sufi. Hilo nimelikataa nusu. Sipigi tena wala sichambui. Wanawake wawili wanapiga uani, wamefunga pua na midomo, nami ninayewasimamia ni mkali kuliko dresa, maana najua wanachovuta. Mimi nakaa upande unakotoka upepo, nafunga midomo ya mito.

Woga haujaisha. Nikisikia mlango unalia nazuia pumzi kwanza nijue ni mlango. Shoga yangu naye amepewa pampu mwaka jana, yule aliyekuwa anamjua mtu, na anakuja kwangu nimwangalie anavyovuta. Anavuta vibaya. Namwambia.

Leo ninavyo hivi: nyumba ya vyumba vinne Mabawa, bati jipya, baraza la saruji lenye vidato vitatu. Chumba cha duka Usagara. Cherehani mbili, moja ya miguu, moja ya umeme. Shamba Muheza lenye misufi tisa na minazi. Vitanda vitatu, kabati, friji. Fimbo mbili za bibi wa Chumbageni, situmii. Binti mmoja. Meno kumi na tisa, ulimi msafi. Chupa ya maji ya nusu lita yenye tundu, ya nne sasa. Pampu ya buluu, imejaa. Pampu ya kahawia, imebaki mishono kumi na sita.